Jina Nyuma ya Jalada la Santuri



Leo napenda kuzungumza nawe kuhusu santuri, na kupitia santuri nizungumze kuhusu haki. Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili na mimi ni mwalimu wako. Santuri ni sahani nyeusi yenye mifuo myembamba ambamo sauti imehifadhiwa. Sindano hupita ndani ya mifuo hiyo, na sauti hutoka. Neno hili lina asili ya Kiajemi na Kiarabu, ambako ni jina la ala ya nyuzi. Lilipofika kwetu lilibadilisha kazi: kutoka ala inayopigwa hadi sahani inayohifadhi kilichopigwa. Liweke akilini jambo hilo la kuazima na kubadilisha, maana ndilo kiini cha barua hii.

Mimi ninakusanya santuri. Ninaishi Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya msikitini. Katika chumba changu pana rafu moja yenye santuri 31. Nyingi ni za hip hop, yaani muziki wa kufokafoka, na hasa ule unaoitwa wa mkondo mbadala: muziki wa vijana waliokataa kujisifia bunduki na fedha, wakachagua ucheshi, historia, jazi na maswali. Duka la santuri sikulipata katika mji huu. Zangu huletwa moja moja na binamu yangu aishiye Brussels, ambaye huzinunua kwenye gulio la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, akazifunga ndani ya kitenge na kuzitia katikati ya nguo zake anapokuja likizo.

Kuzitunza ni kazi. Joto la ziwani huzipinda, kwa hiyo huzisimamisha wima kama vitabu, wala sizilazi moja juu ya nyingine. Vumbi la kiangazi huingia kwenye mifuo, nami hulifuta kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko, bila kukata mifuo. Umeme unapokatika, sahani hupunguza mwendo polepole, na sauti ya mwimbaji huzama hadi ikawa kama ya mzee anayesinzia. Wanafunzi wangu hucheka kila mara.

Huenda unajiuliza kwa nini nahangaika, ilhali nyimbo zote zimo katika simu. Jibu la kwanza ni kwamba hazikuwamo zote. Kundi la De La Soul, vijana watatu wa Long Island, Marekani, walitoa mwaka 1989 albamu iitwayo 3 Feet High and Rising. Ni mojawapo ya albamu zilizoufungua mkondo huu. Hata hivyo, kwa miaka mingi huduma za muziki za mtandaoni hazikuweza kuicheza. Iliingia huko tarehe 3 Machi 2023, wiki chache tu baada ya Dave, mmoja wa wale watatu, kufariki dunia. Kwa muda wote huo, aliyetaka kuisikiliza kwa njia halali alihitaji kuwa na santuri, kaseti au sidii. Sababu ya kizuizi hicho ilikuwa mikataba na haki.

Nikueleze kwa ufupi. Watayarishaji wa hip hop hutumia ufundi ambao mimi huuita uchotaji. Mtu huchukua santuri ya zamani, huchota kipande cha sauti yake, kama vile mdundo wa sekunde mbili au mlio wa tarumbeta, hukirudiarudia, na juu yake hujenga wimbo mpya. Prince Paul, aliyetayarisha albamu ile, alichota kutoka kila upande, hata katika santuri za kufundishia Kifaransa. Lakini bendi ya zamani iitwayo The Turtles ilisikia kipande chake humo, ikafungua kesi, na pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Mwezi Desemba 1991 msanii mwingine, Biz Markie, alishindwa katika kesi ya namna hiyo hiyo mjini New York. Jaji aliifungua hukumu yake kwa ile amri ya Biblia inayokataza wizi. Tangu siku hiyo, anayechota bila idhini anajua kwamba anaweza kuitwa mahakamani.

Hapa naomba usikimbilie kuchagua upande. Ni kweli kwamba The Turtles walikuwa na haki ya kile walichokitunga. Ni kweli pia kwamba vijana wa De La Soul walitengeneza kitu ambacho hakikuwapo kabla yao. Raia mwema hajifunzi sheria ili ajue nani wa kulaumiwa tu. Hujifunza ili ajue watu wawili wenye haki wanavyoweza kuishi pamoja.

Njia moja imo katika santuri ninayoipenda kuliko zote, The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, iliyotoka tarehe 24 Septemba 1991. Vijana hao walipenda besi ya jazi. Mbali na kuchota, walimwalika Ron Carter, bingwa wa besi aliyewahi kupiga na Miles Davis, akaja studio na kupiga mwenyewe katika wimbo mmoja. Mzee alialikwa, akaja, akatajwa. Kila niisikiapo besi ile huona kwamba heshima nayo ina sauti yake.

Njia nyingine ni kutaja chanzo wazi. The Roots, kundi la Philadelphia, waliita albamu yao ya mwaka 1999 Things Fall Apart, jina la riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958. Riwaya hiyo wewe unaweza kuisoma kwa Kiswahili. Tafsiri yake inaitwa Shujaa Okonkwo. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba kitabu cha Mnigeria kilizaa jina la santuri ya Wamarekani, mmoja alikwenda kukiazima wiki hiyo hiyo. Vilevile wapo Fugees, waliotoa The Score mwaka 1996. Jina lao limekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya wakimbizi, neno ambalo watu wa asili ya Haiti walikuwa wakitupiwa kama tusi. Wao waliliokota, wakalivaa kama taji. Katika mji huu, ambako ni vigumu kupata ukoo usio na mtu aliyewahi kuvuka mpaka kwenda Kigoma, jina hilo halihitaji kufafanuliwa.

Sasa nakuja kwenye santuri ya 31, ambayo si ya hip hop, lakini ndiyo iliyobadilisha namna ninavyozisikiliza zile 30. Inaitwa Musique du Burundi. Ilitolewa na lebo ya Ocora ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndani yake mna ngoma zetu: ngoma zile kubwa zinazochongwa kutokana na mti wa umuvugangoma, ambao jina lake linamaanisha mti unaoifanya ngoma izungumze. Tambua, mwanafunzi wangu, kwamba katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na utawala. Zamani ngoma hazikupigwa kwa burudani ya yeyote apitaye. Zilikuwa sauti ya ufalme.

Santuri hiyo ilisafiri kuliko Warundi wengi wa zama zake. Mwaka 1971 mtayarishaji mmoja nchini Ufaransa alitia gitaa na piano juu ya ngoma hizo, akautoa wimbo kwa jina Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alizitumia katika wimbo wake The Jungle Line, miaka mingi kabla ya uchotaji kuwa ufundi wa kawaida wa hip hop. Mwaka 1980 bendi ya Kiingereza ya Adam and the Ants ilijipatia umaarufu kwa mdundo ulioiga ngoma zile zile. Wanamuziki wa huko wakazoea kuuita mdundo huo kwa jina la nchi yetu. Lililovuma lilikuwa jina la nchi, si majina ya waliopiga.

Niliwachezea wanafunzi wangu upande wenye ngoma. Walikuwa 14, wameketi juu ya mkeka. Ngoma ziliponyamaza, binti mmoja wa darasa la mwisho aliomba kulishika jalada. Aliligeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole juu ya maandishi, kisha akauliza:

“Mwalimu, hawa wazee waliitwa nani?”

Hapana aliyejibu. Mvulana mmoja akasema kwamba ngoma ni za taifa, hazina mwenyewe. Binti akamjibu, “Mikono ilikuwa ya watu.”

Nimefundisha kwa miaka mingi, na sijasikia somo la uraia fupi kuliko hilo. Utamaduni ni wa wote, lakini mikono ni ya watu. Waswahili husema, mcheza kwao hutuzwa. Je, yule ambaye mchezo wake umepelekwa kwa wengine, naye mwenyewe akabaki nyumbani, atatuzwa na nani?

Nitakueleza ninavyoona, nawe una uhuru wa kupinga. Sidhani kwamba kuazima ni kosa. Kama kungekuwa kosa, Kiswahili chetu kingekuwa mshtakiwa wa kwanza. Kitabu tulikipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na hatukuwarudishia. Lakini lugha haimnyang'anyi mtu neno lake. Mreno bado ana meza yake. Sauti iliyorekodiwa ni kitu kingine. Ni kazi ya siku fulani, ya watu fulani waliotoka jasho, na inapouzwa, mtu fulani hupokea fedha. Hapo ndipo adabu tatu zinapohitajika: kuomba, kutaja, na kulipa. Anayefanya yote matatu ni msanii. Anayefanya mawili ana deni, na dawa ya deni ni kulipa. Asiyefanya hata moja, mtafutie jina lake mwenyewe katika kamusi.

Usidhani pia kwamba swali linaishia kwa wageni. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nasi tulishangilia. Mwezi Oktoba 2017 amri ya rais iliweka masharti mapya: upigaji uwe wa wanaume, na vikundi visajiliwe na wizara. Wapo waliosema kwamba ngoma inalindwa. Wapo, hasa wanawake waliokuwa wameanza kupiga, walioona mlango ukifungwa. Burundi ina sheria ya haki za watunzi ya mwaka 2005. Kwa hiyo maswali ni mengi. Nani husema kwa niaba ya ngoma: serikali, koo zilizoitunza kule Gishora, au kijana wa Buyenzi anayetaka kuichota katika wimbo wake leo usiku kwa kompyuta ya kuazima? Naamini kila mmoja ana neno la kusema, na kwamba jamii iliyo huru ni ile ambamo wote watatu wanaweza kuketi mkeka mmoja.

Ndiyo maana naendelea kukusanya. Simu hunipa wimbo. Jalada hunipa majina. Katika jalada mna aliyepiga besi, aliyeandika, aliyerekodi, mahali na mwaka. Nimejifunza kulisoma kabla ya kuiweka sindano, kama mgeni anavyobisha hodi kabla ya kuingia.

Nakuachia zoezi. Chagua wimbo mmoja uupendao, wa lugha yoyote. Tafuta majina ya watu watano waliouunda, mbali na mwimbaji. Kisha andika aya moja kwa Kiswahili, kila mtu umtaje kwa jina na kwa kazi yake, ukitumia vitenzi kamili: alipiga, alitunga, alirekodi, alichonga, aliitikia. Ukikosa jina, usiruke. Acha nafasi tupu na uandike kazi tu, ili msomaji ajue kwamba hapo palikuwa na mtu.

Binti yule ameanza zoezi lake tayari. Amekwenda kuwauliza wazee wa ukoo wake, ambao asili yao ni Gitega, kama wapo wanaokumbuka ni nani waliopiga. Amekwisha kupata jina moja, ameliandika kwa penseli, na anaendelea kuuliza.