Rangi Zilizochukuliwa

Kabla ya Desemba 2007 nilikuwa mchoraji wa watu. Mama mboga, makanga wa matatu, wazee wa bao: sura zao ndizo zilizonilipia kodi ya chumba changu cha mabati hapa Nairobi. Michoro ya madoa na mistari niliiona ujanja wa watu walioshindwa kuchora pua.

Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, nchi ikawaka. Januari nikamchora mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni, moshi ukimfuata nyuma. Kwenye maonyesho madogo, mtu wa kwanza kusimama mbele yake alikitazama kilemba, akaitazama pua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, huyu ni wa wapi?" Alitaka kabila. Wa pili naye akauliza vivyo hivyo. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na laki sita hivi wakahama makwao, na mimi nimewaletea watazamaji pua ya kupima! Nilirudi na yule mama chumbani, nikampaka nyeupe mara mbili. Ukiitazama kanvasi ile kwa upande, ukingo wa godoro bado umeinuka.

Nikaacha sura. Nilidhani rangi tupu haina kabila, nikasahau kura ya maoni ya 2005: walioitaka katiba mpya walipewa alama ya ndizi, walioipinga wakapewa chungwa, na chungwa likazaa chama. Siku moja niliweka utepe wa rangi ya chungwa. Kutu ya paa tu, sikuwa na jingine. Mteja akanikonyeza: "Kumbe wewe ni wetu." Hakununua, lakini.

Mchoraji mmoja aliyenitangulia kazini ndiye aliyenifungulia kitabu cha Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Mwaka 1975 El-Salahi alitiwa gerezani Khartoum miezi sita bila kesi. Kuchora kulikatazwa, akawa anachora kwa siri kwenye vipande vya karatasi, kisha anavifukia mchangani. Miaka kama kumi baadaye akachora The Inevitable, paneli 9 zilizoungana, wino mweusi juu ya weupe. Ngumi zimo, miili imo, ila nani angemuuliza mtu wa wino kwao ni wapi?

Nikahamia kwenye masizi. Niliyakwangua kwenye mabati ya kibanda kilichoteketea mtaani kwetu, nikayakoroga na gundi ya mbao na kuyapaka kwa kipande cha ndala. Yalinuka plastiki iliyoungua wiki nzima. Picha zile hazikuuzwa, na ndizo za kwanza nilizoona ni zangu.

Mwaka 2010 ikaja kura nyingine ya katiba: Ndiyo kijani, Hapana nyekundu. Wanasiasa hawa, kila wakipita kwenye kisanduku changu cha rangi hutoka na mbili.

Juzi nilipasua kwa wembe tyubu kuukuu ya rangi ya chungwa. Imekauka yote, ila katikati palibaki tone laini kama ukucha. Nikalipaka pembeni ya masizi. Kijana anayenisaidia kukaza kanvasi, ambaye 2007 alikuwa hajazaliwa, akageuka na nyundo mkononi.

"Mzee, hiyo kutu imekaa sawa."