Mshenga wa Chuma

Mshenga huwaposea wengine, na harusi ikiisha hurudi kwake kama alivyokuja. Hiyo ndiyo sifa ya kichocheo katika elimu ya kemia: huharakisha mwungano wa vitu viwili, wala chenyewe hakihesabiwi katika mazao yake.

Hewa imejaa naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitwaa ilivyo, kwa kuwa atomu zake mbili zimefungana kwa fundo gumu. Mwaka 1909, huko Karlsruhe, Ujerumani, Fritz Haber aliiunganisha na haidrojeni akapata amonia, asili ya mbolea. Kichocheo chake kilikuwa osmi, madini adimu mno kwa haja ya viwanda.

Alwin Mittasch, wa kampuni ya BASF, akatafuta badala yake. Chuma safi kilimvunja moyo. Mwishoni mwa mwaka ule ule, mawe ya chuma ya Gällivare, Sweden, yakatoa amonia kwa wingi. Siri ilikuwa katika uchafu wake. Baada ya majaribio maelfu ilibainika kuwa chuma chahitaji oksidi ya alumini na potasi kidogo. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Kililisha mashamba, na vita vilipozuka mwaka 1914 kikalisha mizinga pia. Kichocheo hakiulizi mazao yake yaenda wapi. Swali hilo ni la binadamu.

Lakini kujua kuwa kitu chafaa si kujua kwa nini chafaa. Miaka mingi baadaye, Gerhard Ertl alichunguza uso wa chuma kilichotakaswa, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Akathibitisha kuwa fundo la naitrojeni hufunguka juu ya uso ule, na kwamba hatua hiyo ndiyo ya polepole kupita zote. Kisha atomu za haidrojeni hujiunga nayo moja moja, hata amonia ikaondoka na mahali pakabaki wazi. Potasi hurahisisha ufunguzi. Oksidi ya alumini huzuia chembe za chuma zisigandamane kwa joto. Kumbe mshenga huyu hasimami mlangoni: hushika mikono ya wote, kisha huiachilia.

Ertl alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2007, miaka 94 baada ya Oppau. Mkulima hakungoja maelezo ndipo apande, na heri hakungoja. Lakini mtafiti naye hakuyafanya mavuno kuwa jibu la swali lake.