Askari Mwenye Sumu

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu sataranji. Wapo walioiharamisha, katika madhehebu ya Imam Shafi ni makuruhu, maadamu haina kamari wala haimsahaulishi mtu Swala. Mimi siichezi, lakini nimesoma michezo ya mabingwa, na mmoja haunitoki akilini.

Ni mchezo wa 11 wa kuwania ubingwa wa dunia, Reykjavik, mwaka 1972. Bobby Fischer wa Marekani, mwenye kete nyeusi, alichagua ufunguzi mkali wa Sisilia. Katika hatua ya 8 malkia wake akamla askari aliyeachwa bila mlinzi. Wachezaji humwita askari mwenye sumu. Boris Spassky, bingwa mtetezi, hakufanya papara. Hatua ya 14 alimrudisha farasi wake pale alipoanzia. Hatimaye malkia yule akanaswa, na Fischer akasalimu amri katika hatua ya 31.

Hapo humkumbuka kijana mmoja wa msikitini kwetu. Alibashiri matokeo ya mpira mara moja, akashinda. Fedha ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa askari wake. Muhula haujaisha, ada ya chuo aliyopewa na mama yake ilikwisha yote.

Fischer hakuirudia njia ile katika shindano lile, na ubingwa akautwaa. Wazazi wenzangu, mtoto aliyenaswa tusimfungie mlango. Toba maana yake ni kurejea, na anayerejea bado ana michezo mbele yake.

Wabillahi tawfiq.