Jumamosi Moja Section 58

Msomaji wa pwani akitajiwa Nakuru, kwanza huwaza ziwa na ndege aina ya heroe, kisha huwaza baridi. Mtaa wa Section 58 haumjii akilini, na si ajabu, kwa kuwa si mahali pa watalii. Ni mtaa wa makazi upande wa mashariki wa jiji, jirani na barabara kuu iendayo Nairobi. Nyumba za zamani zina nyua za michongoma na miti ya matunda, na baina yake yamechomoza maghorofa ya wapangaji. Tulikwenda huko likizo ya Agosti kuwazuru ndugu, tukarudi na jambo ambalo tumeona si haki kulifungia nyumbani kwetu.

Jambo lenyewe lilianza na ombi la kijana wetu mwenye umri wa miaka 19. Kwa mwaka mzima alikuwa akiweka akiba ili anunue pikipiki, na kwa mwaka mzima sisi wazazi wake tulikuwa tukimkatalia. Hatukuwa na hoja nyingi. Tulikuwa na kumbukumbu. Miaka 3 iliyopita mpwa wetu alikuwa akirudi nyumbani kwa boda boda, ncha ya buibui lake ikanaswa na gurudumu la nyuma. Tunamshukuru Mola kwamba alipona, lakini alitembea kwa magongo miezi 7, na hata leo hupanda ngazi kwa kushika ukuta. Tangu siku hiyo, neno pikipiki likitajwa kwetu, mazungumzo hufungwa.

Mjomba wa kijana anaishi Section 58 kwa sababu ya kazi, naye ni mpenzi wa pikipiki wa miaka mingi. Alitupigia simu akasema, "Njooni mwone wenyewe. Wenzangu wanakutana Jumamosi kuonyeshana pikipiki na kula pamoja. Mkishaona mkakataa, sitalitaja tena." Tukakubali, tukidhani tunakwenda kukusanya ushahidi wa kumkatalia kijana vizuri zaidi.

Tulipanda treni ya SGR Miritini hadi Nairobi, na kesho yake tukashika barabara ya Limuru, Naivasha na Gilgil, mwendo wa kilomita zipatazo 160. Baada ya Limuru, Bonde la Ufa hufunguka upande wa kushoto, na mlima Longonot ukaonekana chini kama chungu kilichovunjika mdomo. Watoto wetu, waliozoea upeo wa bahari, walinyamaza kimya. Binti yetu wa miaka 7 akauliza maji yake yalikwenda wapi. Mbele ya Gilgil tukaliona ziwa Elementaita limetandaza weupe wake, na muda mfupi baadaye tukaingia Nakuru.

Jiji hili liko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Lilikabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, likawa la 4 nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kaskazini yake umeinuka mlima Menengai, ambao ndani yake mna shimo la volkeno lenye upana wa kilomita nyingi. Hata ndani ya jiji hatukujiona wageni sana, kwa kuwa kuna mtaa uitwao Bondeni, kama Bondeni yetu ya Mombasa.

Asubuhi ya Jumamosi mjomba alitupeleka kwanza Hyrax Hill, kilima cha mawe kilicho mwendo mfupi kutoka Section 58. Hapo ndipo Mary Leakey alipoanza kufukua mabaki ya watu wa kale mwaka 1937, na leo pana makumbusho madogo. Kilichotushika zaidi ni mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba. Mzee wetu, ambaye jioni hachezi bao ila na watu wanaoogopa kumfunga, aliinama akayahesabu kwa kidole. Tukaelewa kwamba kukutana kwa ajili ya mchezo na ustadi ni desturi ya zamani ya mahali hapa, hata kabla ya mtu kusikia mlio wa injini.

Saa sita kasoro tukarudi mtaani ili twende uwanjani. Mjomba alitangulia na kijana wetu, kila mmoja na helmeti yake kichwani. Sisi tuliobaki tukaita boda boda mbili. Mama wa nyumba yetu akapanda ya kwanza kama tunavyozoea Mombasa: kaketi upande, miguu yote imeelekea kushoto, binti kabanwa katikati yake na dereva. Helmeti ilikuwa moja tu, nayo ilining'inia kwenye usukani.

Langoni alisimama mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi kama tulivyoelezwa baadaye. Alikuwa amevaa jaketi zito na buti, helmeti kaipakata. Alitupokea kwa heshima, akamshusha binti kwa mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Karibu mama. Ndugu yako ametuambia hutaki kijana apande pikipiki."

"Sitaki, dada yangu. Nina sababu zangu."

"Hata mimi ni mzazi, ninakuelewa. Lakini wewe na huyu mtoto, mmekuja na nini?"

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana neno lake lilitupata. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemkataza kijana kitu ambacho sisi hukipanda mara tatu kwa siku, kwenda sokoni, madrasa na kliniki, tena bila kinga yoyote.

Tuliingia ndani tukiwa wanyonge kidogo, lakini uwanja ulituchangamsha. Pikipiki zipatazo 60 zilipangwa safu safu kama jahazi siku ya mashindano. Palikuwa na BMW kubwa za safari ndefu, zenye masanduku ya bati ubavuni na vumbi la njiani lililoachwa makusudi. Palikuwa na Yamaha za zamani zilizotunzwa na baba kisha mwana. Na palikuwa na Boxer za boda boda zilizopambwa kwa shanga na vioo, wenye nazo wakisimama kando kwa fahari isiyopungua ya wenye mashine za bei kubwa.

Mjomba alitukumbusha jinsi chombo hiki kilivyotufikia. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda Ujerumani chombo cha mbao chenye magurudumu na injini ya petroli, ambacho wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya aina hiyo. Jina boda boda nalo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo, zikaenea kila kijiji. Zimewapa vijana riziki na kina mama usafiri wa usiku wa uchungu. Zimejaza pia wodi za mifupa.

Mchezo uliopendwa kuliko yote siku hiyo ulikuwa mbio za polepole. Wapanda pikipiki walipewa njia nyembamba ya hatua zipatazo 30, na aliyefika wa mwisho bila kukanyaga chini ndiye mshindi. Vijana wenye mashine za kishindo waliyumba wakaweka mguu chini mapema. Aliyeshinda alikuwa yule mwalimu wa langoni, macho yake yakitazama mbali, mkono kwenye klachi, utulivu kama wa mtu anayebeba kikombe cha chai iliyojaa. Kijana wetu, ambaye siku zote alitusimulia juu ya mwendo kasi, hakusema kitu. Baadaye tulimwona akimfuata mwalimu na kumwuliza namna ya kushika breki.

Adhuhuri ilipofika tulitafuta pembe ya uwanja, tukatandika kikoi, tukaswali kama wasafiri. Nyuma yetu mtu alikuwa akiwasha na kuzima injini yake kwa mbwembwe. Tulipoanza, ikazimwa, na haikuwashwa tena mpaka tulipotoa salamu. Hatukumwomba mtu.

Kisha tukala. Moshi wa nyama choma ulikuwa umetusumbua tangu tulipofika, ila msafiri Mwislamu hana budi kuuliza kabla ya kunyoosha mkono. Mchomaji hakukasirika. Alitutajia aliyechinja na duka alikonunua, kisha yeye mwenyewe akatuonyesha kwa kidole tusichopaswa kukila: mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, uliokuwa kwenye jiko la jirani. Tukapata mbuzi kwa ugali na kachumbari, mukimo wa kijani wenye viazi na mahindi, na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Katika banda la mwisho mama mmoja wa Bondeni alikuwa akipakua pilau na viazi karai. Tulipomsifu akacheka akasema viazi vya Nakuru ni vitamu zaidi kwa kuwa havikusafiri. Kwa hilo tulimwachia ushindi.

Baada ya chakula mwalimu aliwakusanya wageni, akapasua mbele yetu helmeti kuukuu iliyowahi kuanguka. Ndani ya gamba pana kitu kama povu gumu, na ndicho kinachookoa: hubonyea chenyewe ili kichwa kisipokee pigo lote. Kikishabonyea hakirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali hainunuliwi tena wala hairithishwi. Inapaswa kukibana kichwa bila kuumiza, na mkanda wa kidevuni ufungwe; isipofungwa hutangulia kuanguka. Alitueleza kwamba, kwa mujibu wa tafiti nyingi zilizojumlishwa, helmeti hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Akakumbusha pia kwamba sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu.

Hapo mama wa nyumba yetu akauliza swali ambalo wengi wetu hulificha: na sisi wenye buibui? Ni haya ituketishayo upande, wala si ujinga. Mwalimu hakulipuuza. Alisema anayeketi upande hana pa kushika wala pa kuegemea, na nguo yake huning'inia karibu na cheni na gurudumu. Anayepanda na avae suruali pana ndani, aketi akitazama mbele, aikusanye nguo yote na kuikalia mapajani, na mkoba auweke baina yake na dereva. Mtandio uwe mwepesi, ncha zake ziingizwe ndani ya nguo, na pini zitolewe chini ya helmeti. Indonesia na Malaysia wanawake wengi mno hupanda pikipiki kila siku, helmeti juu ya hijabu, na stara yao haipungui. Na kama haya bado inamzuia mtu, basi apande tuktuk, ambazo pwani yetu inazo tele.

Usiku ule, nyumbani kwa mjomba, tulikaa na vikombe vya chai huku baridi ikibisha madirishani. Sote tunakijua kisa cha yule bedui na ngamia wake. Mara ngapi tumekihadithia watoto wetu, kisha asubuhi tukapanda boda boda vichwa wazi, mtoto kabanwa katikati kama nyama ya mshikaki, tukasema tumetawakali? Mpwa wetu hakuponzwa na chombo peke yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwonyesha namna ya kuikusanya nguo yake, kwa kuwa hata sisi hatukuwa tukijua.

Kijana alituuliza kama tumebadilisha nia. Tulimjibu ukweli, kwamba hofu yetu haijaondoka na pengine haitaondoka. Lakini mazungumzo hayatafungwa tena. Akitimiza masomo ya udereva, akapata leseni ya pikipiki, akanunua helmeti na jaketi kabla ya kununua chombo chenyewe, tutaketi tena. Mjomba akacheka akaongeza sharti lake: ashinde kwanza mbio za polepole.

Tumerejea Mombasa sasa yapata majuma matatu. Helmeti mbili, ya mama na ya binti, zinaning'inia nyuma ya mlango, na boda boda tunapanda mmoja mmoja. Tukiwa wawili huita tuktuk. Siku ya kwanza dereva wa kona yetu alitucheka mbele ya wenzake. Juzi akatuuliza, kwa sauti ya chini, ya abiria tuliinunua wapi.