Fungu la Marehemu Mdogo Wetu

Voi, Jumapili, 2 Juni 2024

Kikao cha familia kimevunjika kabla ya chakula. Kaka mkubwa ameshikilia kwamba siku mama atakapofariki, shamba la baba ligawiwe watoto tulio hai tu. Baba alifariki 2016, mdogo wetu akamfuata 2022. "Alikufa hajapewa kitu," kaka akasema, "atawaachiaje wanawe?" Wifi alikuwa amekaa papo hapo na watoto wake, wote wanasikia. Mama hakusema neno. Nimeumia sana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeisoma Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981. Kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja. Mali iliyobaki anaitumia maisha yake yote, lakini ardhi hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama. Akishafariki, mali inagawanywa sawa kwa watoto waliobaki hai.

Waliobaki baada ya nani? Kaka anasema baada ya mama. Mimi nasema baada ya baba, kwa kuwa mali ni ya baba, na kifungu cha 41 kinaiweka amana kwa watoto wake wanaofikisha miaka 18. Mdogo wetu alikuwa mtu mzima tulipomzika baba. Tena kifungu hicho hicho kinasema mtoto akimtangulia baba yake, wanawe huchukua fungu lake. Iweje yatima anyimwe kwa sababu baba yake aliishi zaidi?

Jumamosi, 8 Juni

Nimezungumza na rafiki yangu wa Mombasa. Mirathi yao iliamuliwa na Kadhi. Kwa Waislamu, haki humwingia mrithi pale pale mzazi anapokata roho, ingawa madeni na wasia hutangulia kulipwa. Mrithi akifa kabla ya kugawana, fungu lake huenda kwa warithi wake mwenyewe. Wanaokosa huko ni wajukuu ambao baba yao alimtangulia babu: ami akiwa hai huwazuia, isipokuwa babu awe amewausia kitu ndani ya theluthi. Kumbe kila sheria ina yatima inaowaacha nje, na ni juu ya wazee kuwakumbuka mapema.

Ijumaa, 14 Juni

Leo mama amefunguka: anataka wajukuu wale waandikwe. Hati ya usimamizi waliyopewa yeye na kaka bado haijathibitishwa, na wakati wa kuithibitisha ndipo mahakama huandika nani atapata nini. Nimemwomba aende mwenyewe akaseme. Kaka akikataa kutia sahihi, nitawasilisha kiapo cha kupinga.

Haki ya yatima isingoje kifo cha mama. Iandikwe sasa, angali hai, na sauti yake isikike mahakamani.