Walipowasindikiza watoto stesheni

Mwaka 1932, mjini Berlin, vijana watano walimwendea Recha Freier, mke wa rabi. Walikuwa wamepoteza kazi kwa sababu moja tu: ni Wayahudi. Walitaka ushauri wake.

Freier akaja na wazo la kuwapeleka vijana Palestina wakajifunze kilimo. Viongozi wengi wa jamii yake walimpinga. Hata Henrietta Szold, aliyeombwa msaada kule Jerusalem, alikataa mwanzoni. Wazazi nao walisita. Mtoto wa miaka 15 aende mbali hivyo, nani atamwuguza akishikwa na homa?

Hata hivyo, Oktoba mwaka huo kundi la kwanza lilipanda treni. Jumuiya yao, Youth Aliyah, ilianzishwa rasmi Januari 30, 1933, siku ileile Hitler alipoingia madarakani. Wazazi waliokuwa wakisita wakaanza kuomba nafasi.

Februari 1934 Szold, sasa akiwa na miaka 73 na hajawahi kuzaa, alikuwa Haifa kuwapokea vijana 43.

Kufikia vita vya 1939, maelfu walikuwa wameokolewa. Wazazi wengi waliobaki waliuawa. Wapo watoto waliobeba kumbukumbu ya stesheni hadi uzeeni: mama anayejikaza asilie, baba anayeahidi kwamba wataonana karibuni.

Mzazi, yapo mazingira yanayolazimisha mtoto alelewe mbali nawe. Kabla hajaondoka, kaa naye umweleze sababu. Asipoambiwa, anaweza kukua akidhani alitupwa.