Skrini ya bluu si lazima diski iwe imekufa

Mnunuzi wa viazi kutoka Makambako aliniletea kompyuta mpakato hapa Njombe. Kila akijaribu kuweka Windows XP, skrini inageuka bluu na namba 0x0000007B. Fundi alishamwambia diski imekufa, anunue nyingine. Na humo ndimo lilimokuwa daftari lake la madeni ya wakulima!

Diski ilikuwa nzima. XP ni ya mwaka 2001, haitambui AHCI inayotumiwa na mashine za baadaye. Tulinakili kwanza daftari kwenye flashi kupitia kompyuta nyingine, maana kufomati hufuta kila kitu. Kisha tukaingia BIOS (nyingi ni F2 mara inapowaka), kwenye SATA tukabadili AHCI kuwa IDE, tukahifadhi. Ikakubali.

Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014, kwa hiyo mambo ya benki usiyafanyie humo.